Kuhukumu kwa sehemu 2 kati ya 26: kisa cha uhakiki wa tamthilia mpya

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika gazeti moja la Kiswahili la Dar es Salaam lenye kurasa nyingi za burudani kila Jumapili. Majina ya gazeti, kituo cha televisheni, tamthilia na wahusika yameondolewa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Nitawaita Mhakiki, Mhariri (mwanamke aliyekuwa akisimamia kurasa za makala), Mtayarishaji na Kituo. Nimesoma jalada zima: rasimu ya kwanza, ukurasa uliochapwa, barua za pande zote mbili na muhtasari wa kikao kilichofuata. Nimezungumza pia na wote watatu.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Uhakiki wa vipindi vya televisheni kwa hiyo bado ni mchanga kwetu. Kwa muda mrefu kurasa za burudani ziliandika habari za waigizaji, nani kaachana na nani na nani kanunua gari, huku kazi yenyewe ikipita bila kuguswa. Kisha mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kikawa cha lazima, na vituo vingi vikaanza kutazamwa kwa malipo ya mwezi. Mtu wa Mbagala anayejibana anunue kifurushi ana haki ya kuambiwa na gazeti lake kama tamthilia inayotangazwa kwenye mabango inastahili fedha na jioni zake, hasa pale inaposhindana na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo tayari zimemteka.

Tamthilia ya kisa hiki ilipangwa kuwa na sehemu 26. Ilihusu mama ntilie wa Manzese anayefiwa na mume, kisha anagundua kwamba marehemu ameacha madeni na familia ya pili. Katika mahojiano ya kuitangaza, Mtayarishaji alisema zaidi ya mara moja kwamba hajawahi kufanya kazi yenye bajeti kubwa kama hiyo. Hakutaja kiasi. Kauli hiyo ndiyo iliyokuja kuleta balaa.

Kilichotokea

Uzinduzi ulifanyika Alhamisi jioni katika ukumbi wa hoteli. Waandishi walioneshwa sehemu mbili za kwanza kwenye skrini kubwa, wakala, wakapiga picha na waigizaji. Mlangoni palikuwa na meza: unaandika jina na namba ya simu, unasaini, unapewa bahasha ya shilingi 50,000 iliyoitwa nauli. Anayefanya kazi hii mjini anaijua meza hiyo. Mhakiki alisaini na kupokea kama wenzake.

Kesho yake magazeti matatu yalikuwa na habari za uzinduzi. Nimeziweka pamoja mezani. Aya za kati ni zilezile zilizo katika taarifa iliyogawiwa ukumbini, na jina la mwigizaji mmoja limekosewa tahajia kwa namna ileile katika yote matatu.

Mhakiki hakufanya hivyo. Aliandika makala ya maneno kama 900, na sehemu kubwa yake ni uhakiki mzuri kuliko mwingi niliousoma kwa Kiswahili kuhusu televisheni. Alitazama jiko la mama ntilie. Alieleza kwamba masufuria yanang'aa, moja bado lina karatasi ya bei ya dukani, hakuna masizi wala kifuniko kilichopinda, na mama huyu anayedaiwa kodi ya chumba anapika wali wa watu 40 bila kutokwa jasho. Akaeleza tukio la msiba: mjane ametoka kupewa habari za kifo, na kwenye picha inayofuata ameketi mkekani akiwa na kucha za bandia. Alimsifu mwigizaji mzee anayecheza shemeji, kwa jinsi anavyonyamaza pale mwandishi wa mswada alipompa maneno machache. Alilalamikia sauti kwa aya mbili nzima: mwangwi, upepo kwenye kipaza sauti, na pale ambapo dada anamwambia kaka yake siri ya ukoo maneno yanakatika katikati kwa sababu adhana imekatwa na mtu wa kuhariri.

Karibu na mwisho akaweka sentensi hii: "Kama bajeti ilikuwa kubwa kama tulivyoambiwa, basi fedha hizo ziliishia mifukoni mwa watu kabla ya kufika kwenye kamera."

Jumamosi usiku, kurasa zikiwa zinafungwa, mhariri msaidizi alitafuta kichwa cha habari. Aliichukua sentensi hiyohiyo na kuandika: "Mamilioni yaishia mifukoni, watazamaji waambulia kelele." Mhariri alikuwa ameshasoma makala mchana, ila kichwa hakukiona. Kilikwenda mitamboni kikiwa hivyo.

Jumatatu asubuhi Mtayarishaji alipiga simu. Mhariri aliyaandika mazungumzo kwenye daftari lake. "Dada yangu," alisema, "kijana wako amekula kwetu, amepokea nauli yetu na amesaini. Leo anatuita wezi?" Mhariri akamjibu, "Kaka, nakuomba siku mbili. Nataka nikaangalie mwenyewe hiyo kazi ndipo tuongee. Sasa hivi nikikujibu nitakukosea." Mchana meneja wa matangazo alifika mezani kwake kusema kwamba Kituo kimesimamisha matangazo yaliyokuwa yamepangwa. Jumatano ikaja barua ya wakili. Ilidai makala ifutwe kwenye tovuti, gazeti liombe radhi ukurasa wa kwanza na lilipe fidia, yote ndani ya siku saba.

Mchapishaji alitaka yaishe haraka. Alipendekeza makala ifutwe, radhi iombwe na Mhakiki ahamishiwe michezo.

Maamuzi na sababu zake

Mhariri alikataa kuamua kabla ya kutazama. Sehemu hizo mbili zilikuwa zimesharushwa hewani, akazipata na kuzitazama kwenye televisheni ya kawaida ya inchi 32, akiwa na Mhakiki, mhariri msaidizi na fundi sauti wa redio aliyekuwa rafiki wa gazeti. Makala ilikuwa mkononi, wakaipitia mstari kwa mstari. Masufuria yalikuwa vilevile, karatasi ya bei ipo. Kucha zipo. Upepo upo, adhana iliyokatwa ipo. Mwangwi haukuwepo. Fundi sauti hakuhitaji muda mrefu: ukumbi ule una dari refu na kuta tupu, na spika ziliwekwa pembeni, kwa hiyo mwangwi ulikuwa wa hoteli. Nusu ya aya mojawapo ya zile mbili iliilaumu tamthilia kwa kosa la ukumbi.

Kisha Mhariri akachukua kalamu tatu za rangi. Kwa ya kwanza alipigia mstari kila kitu ambacho mtazamaji anaweza kukiona au kukisikia mwenyewe. Kwa ya pili, maoni ya Mhakiki juu ya vitu hivyo. Kwa ya tatu, kila dai la ukweli juu ya jambo lisiloonekana kwenye skrini. Nimeuona ukurasa huo. Umejaa rangi mbili za kwanza kutoka juu hadi chini, na rangi ya tatu imegusa sentensi ya fedha na kichwa cha habari, basi.

Hapo msimamo wake ukawa rahisi kuueleza, ingawa kuusimamia haikuwa rahisi. Maoni juu ya kazi iliyotolewa hadharani yana kinga ya muda mrefu katika sheria ya kashfa, mradi ni maoni ya kweli ya mwandishi na yamesimama juu ya mambo yaliyo ya kweli. Kusema fedha ziliishia mifukoni si maoni juu ya tamthilia. Ni tuhuma ya wizi, na neno "kama" lililotangulia haliisafishi. Mhakiki hakuwa ameona hesabu yoyote. Alipoulizwa, alisema alikuwa akikisia.

Kwa hiyo Mhariri aliamua gazeti lichapishe masahihisho Jumapili iliyofuata, katika ukurasa uleule, likisema mambo mawili bila kuzunguka: kwamba halikuwa na ushahidi wowote wa matumizi mabaya ya fedha, na linaondoa sentensi hiyo na kichwa cha habari, na kwamba mwangwi ulitokana na ukumbi. Makala iliyobaki ibaki kwenye tovuti, ikiwa na kichwa kipya na maelezo juu kwamba imesahihishwa. Hakuomba radhi kwa masufuria wala kwa kucha.

Alimpa Mtayarishaji nafasi ya kujibu kwa urefu sawa na wa makala. Alimwambia pia kwamba asiporidhika anaweza kupeleka malalamiko Baraza la Habari Tanzania, chombo kilichoundwa mwaka 1995 ambacho husuluhisha migogoro ya aina hii bila watu kumalizana mahakamani. Wapo waliomshangaa kumwonesha mlalamikaji njia ya kumlalamikia. Sababu yake ilikuwa kwamba mtu aliyeumizwa na gazeti ni lazima aione njia iliyonyooka, la sivyo ataitafuta njia ya meneja wa matangazo.

Uamuzi mwingine ulizua ubishi mkubwa chumba cha habari. Mhariri alichukua shilingi 50,000 kutoka fedha ndogo za ofisi, akazirudisha kwa Mtayarishaji kwa barua yenye muhuri, akaomba stakabadhi. Mhakiki alikatwa kiasi hicho mwisho wa mwezi. Barua ilisema gazeti ndilo linalolipa nauli za waandishi wake.

Kuhusu Mhakiki kuhamishwa, Mhariri alikataa. Ila alimwagiza aendelee kuitazama tamthilia nyumbani kwake, kwa king'amuzi, na aandike uhakiki wa pili baada ya sehemu ya 13.

Matokeo

Masahihisho yalichapishwa. Jibu la Mtayarishaji lilichapishwa wiki moja baadaye, na lilikuwa kali, lakini halikugusa hoja ya masufuria. Wakili hakuandika tena, na malalamiko hayakupelekwa Baraza. Kituo kiliendelea kusimamisha matangazo kwa miezi mitatu, na idara ya matangazo ilikosa lengo lake la robo hiyo.

Uhakiki wa pili ulisema kwamba kuanzia sehemu ya 9 sauti imetulia, mazungumzo ya faragha yanasikika, na jiko la mama ntilie sasa lina moshi na masizi. Ulisema pia kwamba kisa kimeanza kuzunguka palepale na kwamba familia ya pili ya marehemu imeachwa bila kazi ya kufanya. Mtayarishaji hajasema popote kwamba alibadilisha lolote kwa sababu ya gazeti, nami sitamsemea.

Uchambuzi

Nianze na jambo ambalo wengi hulipita. Makala nne ziliandikwa kuhusu usiku ule wa hotelini. Moja iliponda na ikawa na dai moja lisilo na ushahidi. Tatu zilisifu, na karibu kila dai lao halikuwa na ushahidi: kwamba tamthilia "imeweka historia", kwamba "imewagusa Watanzania wote", wakati hakuna Mtanzania aliyekuwa ameiona nje ya ukumbi ule. Barua ya wakili ilikwenda kwa gazeti moja tu. Sifa isiyo na msingi haimleti wakili, kwa hiyo hakuna mhariri anayeikagua. Anayelipia hasara ni mtu wa Mbagala mwenye kifurushi chake. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimewasikia wahariri wakitumia kisa hiki kuwaambia vijana wao wasiponde. Funzo hilo haliko ndani ya jalada hili. Kalamu za rangi zingepigwa kwenye zile makala tatu, rangi ya tatu ingefunika ukurasa.

Kilichomponza Mhakiki hakikuwa ukali. Aya zake kali kuliko zote, zile za jiko na za msiba, hazikuweza kutikiswa na mtu yeyote, kwa sababu msomaji anaweza kuwasha televisheni na kuona karatasi ya bei kwenye sufuria. Alikwama pale alipoiacha skrini na kuanza kueleza kwa nini kazi iko hivyo. Sababu za kazi kuwa mbovu ni habari ya kuchunguzwa, kwa simu, kwa hesabu na kwa watu waliokuwepo lokesheni. Mtu anayetaka kuiandika aiandike kama habari. Mhakiki alitaka kuibeba kwa sentensi moja ya kumalizia, iliyosikika vizuri, na sentensi zinazosikika vizuri mwishoni mwa makala ndizo za kutazamwa mara mbili.

Kosa la mwangwi linafundisha zaidi ya linavyoonekana. Mhakiki hakusema uongo. Alisikia mwangwi. Lakini hakumwambia msomaji kwamba alisikia akiwa ukumbini, kwenye spika za hoteli. Angeandika hivyo, msomaji angejipimia, na Mtayarishaji angejibu kwa sentensi moja bila wakili. Vivyo hivyo kwa idadi ya sehemu. Makala yake haikutaja popote kwamba ameona sehemu 2 kati ya 26. Ilizungumza juu ya "tamthilia hii" kana kwamba imekwisha. Kuhakiki mwanzo ni halali, na msomaji anahitaji kujua mapema kabla hajalipia mwezi mwingine. Marekani wahakiki huletewa sehemu chache za mwanzo kabla kipindi hakijarushwa na huandika kwa hizo, na walio makini hutaja wameona ngapi. Ubaya ni kuhukumu nyumba kwa baraza lake bila kusema hukuingia ndani.

Kuhusu bahasha, sikubaliani na wale walioona kuirudisha ni maonesho. Rudi kwenye maneno ya Mtayarishaji kwenye simu. Alianza na chakula na nauli, tuhuma ikafuata. Kwake ile saini ilikuwa mapatano, na Mhakiki ndiye aliyeyavunja. Ukimsikiliza vizuri, hakuwa na makosa kufikiri hivyo, maana magazeti mengine matatu yaliyatimiza. Kanuni za maadili za Baraza la Habari zinamkataza mwandishi kupokea kishawishi, na kila mtu chumba cha habari anazijua. Lakini mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa makala, tena kwa kuchelewa, anayetoka Gongo la Mboto hadi hoteli ya mjini kwa daladala mbili, hawezi kuambiwa akatae bahasha na gazeti lisilompa nauli. Barua ya Mhariri ilikuwa na nguvu kwa sababu ilitamka nani analipa. Udhaifu wake ni kwamba ilimkata fedha Mhakiki peke yake, ilhali waandishi wengine wa gazeti hilohilo waliendelea kusaini kwenye meza nyingine wiki hiyohiyo.

Kichwa cha habari ni kushindwa kwa utaratibu, sio kwa mhariri msaidizi. Alikuwa na ukurasa wa kufunga na alichukua sentensi yenye joto kuliko zote, kama alivyofundishwa. Makala ya maoni haina budi kusomwa na mhariri pamoja na kichwa chake, baada ya kichwa kuwekwa.

Kumbakiza Mhakiki kazini kuliligharimu gazeti, na hasara ya miezi mitatu si jambo la kupuuza kwa gazeti linalohangaika na bei ya karatasi. Hata hivyo naamini Mhariri aliona mbali. Cheers, tamthilia ya kuchekesha ya Marekani, ilipoanza kwenye kituo cha NBC mwaka 1982, watazamaji wa msimu wa kwanza walikuwa wachache mno, ikawa karibu ya mwisho kwenye orodha. Wahakiki wa magazeti waliisifu, NBC ikaivumilia, na ikadumu misimu 11 hadi 1993. Uamuzi ulikuwa wa kituo na ulikuwa na sababu zaidi ya moja. Lakini sifa zile zilikuwa na uzito kwa sababu kalamu zilizozitoa zilijulikana kuponda. Sasa mfikirie yule mwigizaji mzee, shemeji aliyenyamaza kwa ustadi. Sifa aliyoipata kwa Mhakiki ndiyo pekee iliyoeleza alichofanya. Magazeti matatu yalimtaja kwenye orodha tu. Akitaka kumwonesha mwongozaji mwingine kwamba ana kipaji, atakata ukurasa gani?

Yaliyobadilika na yaliyobaki

Kila uhakiki wa televisheni katika gazeti hilo sasa una mstari chini yake: sehemu zilizotazamwa, mahali zilipotazamwa, na aliyelipia. Dawati la burudani lina fungu dogo la nauli. Madawati mengine hayana, na mchapishaji hajatoa agizo la maandishi. Hakuna pia kanuni yoyote inayosema meneja wa matangazo aende kwa nani mteja anapokasirika. Bado anaweza kwenda moja kwa moja kwenye meza ya Mhariri, na safari nyingine meza hiyo inaweza kuwa na mtu mwenye moyo mwepesi.

Msimu wa pili wa tamthilia umetangazwa. Mhakiki aliomba sehemu sita kabla ya uzinduzi. Mtayarishaji amempelekea nne, na barua fupi inayosema kwamba sauti ya sehemu ya nne haijakamilika na anaomba isihukumiwe. Mhariri amekubali. Chini ya uhakiki zitatajwa sehemu tatu.